Bure, Lakini Vyote

Saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Jumanne, mlinzi wa ofisi ya bima alifungua lango la nyuma na kumwonyesha fundi mlango wa stoo kwa kidevu. Hakumsalimu. Alikuwa ameambiwa atakuja mtu wa kuondoa takataka, na aliyesimama mbele yake, kwa mavazi, alifanana na mtu huyo.

Fundi alikuwa amefuata kitu kimoja tu: draivu ya disketi, ya aina iliyoacha kutengenezwa zamani. Mashine ya kudarizi ya mke wake ilikuwa na draivu kama hiyo ubavuni, na bila hiyo haikuwa na kazi. Mke wake alikuwa akitia disketi, mashine inasoma mchoro wa nembo, kisha sindano inaanza kushona. Jumamosi iliyopita draivu ilikwama, ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, ikanyamaza. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na sebuleni kwao yalikuwapo marobota ya sweta za bluu zisizo na nembo.

Ndani ya stoo vitu vilipangwa hadi darini: monita zenye migongo mikubwa, printa za karatasi za matundu, kibodi zilizogeuka rangi ya meno ya mvutaji, masanduku ya nyaya, maboksi mazito ya kuhifadhi umeme, disketi zilizorundikwa kwenye katoni iliyolowa siku nyingi zilizopita na kukauka vibaya. Fundi aliiona draivu aliyoitaka kabla hajavuta pumzi ya pili. Aliichukua, akaigeuza, akaitia mfukoni.

"Irudishe," alisema msimamizi wa ofisi, mwanamke kijana aliyekuwa na simu mkononi muda wote. "Hapa si dukani. Ni bure, lakini vyote."

"Dada, hizi monita hata watu wa vyuma chakavu hawazitaki."

"Ndiyo maana ni bure. Ukichagua kizuri ukaniachia vibovu, hivyo vibovu nimpigie nani? Wewe wanakuita Bwana Bure, mimi nimekutafuta kwa jina hilo. Vyote, au funga mlango."

Jina hilo alipewa mtaani, kwa sababu palipotupwa kompyuta yeye alikuwa ameshafika. Alitengeneza printa na kompyuta za maduka madogo, na vipuri vyake vilitoka kwenye vitu ambavyo wenyewe walivikatia tamaa. Hakuwahi kuona aibu kwa jina hilo mpaka asubuhi ile lilipotamkwa na mtu asiyemjua.

Alikubali. Alipokuwa akitoka na rundo la kibodi, mwanamume mmoja mwenye tai alishuka ngazi na mfuko uliojaa mabaki ya chakula. "Mzee wa taka, pitia na hii," alisema, akautundika kwenye mkono uliobeba kibodi, akapanda tena. Fundi aliupeleka mfuko kwenye pipa. Aliporudi, msimamizi alimwambia ufagio uko nyuma ya mlango. Akafagia.

Msukuma mkokoteni aliyekodiwa kwa safari moja alienda safari tatu. Katika safari ya mwisho alisimama kufuta jasho na kutazama mzigo. "Bwana Bure," alisema, "leo umeoa ofisi nzima pamoja na mama mkwe wake."

* * *

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Watoto walikuwa kwa shangazi yao tangu shule zilipofungwa. Chumba kimoja kilikuwa cha fundi na mke wake, cha pili cha mama mzazi wa fundi, na kwa kuwa sebule ilikuwa ya mashine na sweta, mzigo wa ofisi ya bima ulikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda.

"Hiki nacho ni nini?" mama aliuliza kila kilipoingia kitu. Monita ya nne ilipoingia akaacha kuuliza. Alivuta boksi moja zito, jeusi, pana kama kigoda, akalipiga kofi kuona kama ni imara, akalikalia. "Angalau hiki nimekielewa."

Mke wa fundi, mdarizi wa zile sweta, alisimama mlangoni akiwa na uzi shingoni. Alikuwa mwanamke mwenye maneno machache, na hayo machache alikuwa ameyapanga tangu alipoona safari ya kwanza ya mkokoteni.

"Nilikutuma draivu. Nilikutuma kitu cha kuingia mfukoni."

"Walisema vyote au basi."

"Na wewe ukasema vyote."

"Ningesema nini?"

"Ungesema mama yako analala wapi."

"Mimi nalala," mama alisema. "Nitalala kwa zamu na hizi televisheni."

Hakuna aliyecheka. Mashine haikuwa yao. Ilikuwa ya dada mkubwa wa mdarizi, aliyeinunua alipokuwa na karakana, na alipofunga karakana akamwachia mdogo wake kwa sharti moja: mashine ikae pale maadamu inafanya kazi ya shule. Kazi ya shule ikikatika, mashine irudi. Sharti hilo lilisemwa mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida, na dada mkubwa hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

* * *

Baada ya chakula cha mchana fundi alifungua ubavu wa mashine, akatoa draivu iliyokufa, akapachika ile aliyoileta. Ililingana na nafasi yake kama vitu vilivyozaliwa pamoja. Mke wake alikuwa amesimama nyuma yake, mkono kiunoni.

Disketi za nembo zilikuwa tatu, zote nakala za mchoro mmoja, zimefungwa kwa kitambaa ndani ya kopo la biskuti. Aliyechora mchoro ule alikuwa amehama, na namba yake ya simu sasa ilipokelewa na mtu anayeuza mbegu. Kwa sababu hiyo fundi aliamua kwenda kwa tahadhari. Kabla ya kugusa kopo, aliokota disketi moja kutoka kwenye katoni ya ofisi ya bima na kuitia kwanza, ajue tu kama draivu inazunguka. Disketi ya namna hiyo ina kilango kidogo cha bati. Ukikivuta unaona kisahani chembamba cheusi ndani, na kama kimeota ukungu unauona pia. Siku nyingine zote fundi alikivuta. Siku hiyo hakukivuta, kwa sababu mtu aliyesimama nyuma yake alikuwa akihema kwa nguvu.

Draivu ilizunguka. Taa ikawaka. "Nzima," alisema. "Lete yako."

Mdarizi alileta ya kwanza. Mashine ilisaga, ikanyamaza, ikasaga tena, kisha kioo chake kidogo kikaandika kwamba haiwezi kusoma.

"Disketi imezeeka," fundi alisema.

"Jumamosi asubuhi ilikuwa kijana."

"Vitu hivi vinakufa ghafla. Lete ya pili."

Ya pili ikasaga kwa muda mrefu zaidi. Kioo kikaandika maneno yale yale. Mama, aliyekuwa amehamishia boksi lake sebuleni ili aone vizuri, aliweka kikombe chini.

"Ya kwanza imekataa. Ya pili imekataa. Ya tatu mnaipeleka kufanya nini?"

"Mama, hii ni kompyuta, si chungu," fundi alisema.

Mdarizi alishika disketi ya mwisho bila kuitoa kwenye kitambaa. Mume wake alinyoosha mkono. Hakumpa. "Nitaitia mwenyewe," alisema. "Nisije nikasema ni mkono wako." Akaitia.

Kioo kilipoandika kwa mara ya tatu, fundi alirudi kwenye katoni, akaokota ile disketi ya ofisi ya bima, akavuta kilango cha bati. Kisahani kilikuwa na madoa meupe kama unga. Akainusa. Kisha akavuta kilango cha disketi ya kwanza ya mke wake, na ya pili, na ya tatu. Kila moja ilikuwa na duara jembamba, limekwanguliwa mpaka plastiki inapitisha mwanga.

"Ukungu umeshika kichwa cha kusomea," alisema. "Kikawa kama msasa. Kila tulichotia kimekwanguliwa."

"Zote?"

"Zote."

Mdarizi alizikusanya, akazifunga tena kwenye kitambaa, akazirudisha kwenye kopo, akafunika. Ndipo alipoondoa uzi shingoni.

* * *

Nakala ya nne ilikuwa shuleni. Desturi ya shule ile ilikuwa kwamba mchoro wa nembo ni mali ya shule, na mwenye kazi huacha nakala moja kwa bwana stoo. Mdarizi alikuwa ameiacha miaka mingi iliyopita na hakuwahi kuiulizia.

Bwana stoo alikuwa mtu mnene mwenye adabu ya polepole. Alimpa kiti, akamwacha akae, akaendelea kuhesabu chaki.

"Nimekuja kuazima ile disketi yenu," mdarizi alisema. "Nataka kulinganisha rangi."

"Rangi ya nembo?"

"Ndiyo."

"Uilinganishe na disketi nyeusi."

Mdarizi alitazama viatu vyake. Vilikuwa na vumbi la njia nzima. "Zangu zimeharibika," alisema.

"Ngapi?"

"Zote tatu."

Bwana stoo aliacha chaki. "Dada yangu, mimi sina ubaya na wewe. Lakini wale wa karakana ya mjini walikuwa wamekaa hapo hapo ulipokaa, jana tu. Wana kiyoyozi. Wana risiti za kupigwa chapa. Wameniambia wanachora nembo upya bila malipo, mradi wapewe kazi. Nikawaambia nina mtu wangu." Alifuta vumbi la chaki vidoleni. "Niendelee kuwaambia hivyo?"

"Ijumaa ya wiki ijayo sweta zitakuwa hapa."

"Zisipokuwa hapa, Jumamosi nawapigia. Usije ukaniambia habari za umeme wala msiba."

Alifungua droo, akaifunga, akafungua nyingine. Alisimama, akatazama juu ya kabati. Kisha akaketi na kunyanyua bilauri yake ya chai ili anywe, akaona kitu alichokuwa ameiweka juu yake. Disketi ilikuwa na duara la kahawia katikati, duara juu ya duara, la chai ya miaka.

"Ndiyo hii?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilijua ni ya kuwekea kikombe."

Mdarizi aliifuta kwa ncha ya mtandio, akaiweka kifuani, akashukuru.

* * *

Aliporudi alimkuta mume wake amesafisha kichwa cha draivu kwa spiriti na pamba. Vipande vya pamba vilikuwa vimepangwa juu ya gazeti, kutoka cheusi hadi cheupe, kama ushahidi.

"Nipe niinakili kwanza," fundi alisema. "Kuna draivu nyingine kwenye ule mzigo. Naisafisha, naifunga kwenye kompyuta yangu, tunatoa nakala mbili tatu, ndipo tunaitia kwenye mashine. Nipe mpaka kesho."

"Mpaka kesho."

"Nakuomba, mke wangu. Hiyo ni ya mwisho duniani."

"Najua ni ya mwisho. Zilizotangulia zilipita mikononi mwa nani?"

"Sasa kimesafishwa. Tazama pamba."

"Sina haja ya kutazama pamba. Disketi hii hutaigusa. Hata kuipuliza."

Mdarizi aliitia disketi. Mashine ilisaga, ikasita, ikasaga, na sauti ilipofika pale ambapo zile nyingine zilikatalia, ikaendelea. Kwenye kioo kidogo ikaonekana nembo: kitabu kilichofunguliwa, mwenge juu yake, na mstari wa maandishi chini. Mdarizi alikaa kwenye kiti chake cha kazi. Hakumtazama mtu. Akavuta sweta ya kwanza, akaibana kwenye fremu, akabonyeza, na sindano ikaanza.

Sweta kadhaa zilipokwisha kushonwa, fundi aliomba disketi tena, na safari hii akapewa. Aliifunga draivu ya pili kwenye kompyuta yake chumbani kwa mama, akaitia. Haikusoma. Akajaribu tena, haikusoma. Alivuta kilango cha bati. Sukari ya chai ilikuwa imepenya mpaka ndani, na ile safari moja kwenye mashine ilikuwa imeieneza duara zima.

Alirudi sebuleni, akasubiri sindano imalize nembo.

"Mchoro uko ndani ya mashine," alisema. "Humo tu. Disketi imekufa."

"Si mashine inaweza kuuandika kwenye nyingine?"

"Hii inasoma, haiandiki. Ilitengenezwa hivyo. Ikizimwa, inasahau."

Mdarizi aliinua mguu kutoka chini ya meza, kama anayeogopa kukanyaga waya.

"Ungeniachia mpaka kesho..." fundi alianza.

"Malizia."

Akainama kuutazama waya wa mashine uliochomekwa ukutani.

* * *

Umeme wa mtaa ule ulikatika ulivyotaka. Fundi alizunguka chumba cha mama akitazama mzigo wake kwa jicho jipya, kisha akasimama mbele ya mama mwenyewe.

"Mama, simama kidogo."

"Kuna nini?"

"Nataka kiti chako."

"Chukua cha kwako."

"Hicho si kiti. Ni boksi la kuhifadhi umeme. Umeme ukikatika, lenyewe linaendelea kutoa."

"Muda wote huu nimekalia umeme na wewe unanitazama?"

Betri iliyokuwa ndani ilikuwa imevimba na kupasuka. Maboksi mengine yalikuwa hivyo hivyo. Fundi alikwenda kwa jirani yake, fundi pikipiki, kuazima betri. Jirani alimpa, lakini kwanza alimsimamisha mbele ya wateja. "Ukiniharibia, nitakukamata nini, Bwana Bure? Kibodi?" Wateja walicheka. Fundi naye alicheka, akachukua betri.

Aliiunganisha kwa nyaya mbili zilizotoka nje ya boksi, akaiweka sakafuni, akachomeka boksi kwenye umeme wa ukutani. Hapo kazi ngumu ilikuwa kuhamisha mashine bila kuizima. Kwa bahati mashine ilikuwa na matundu mawili ya umeme nyuma, moja la waya wake na jingine la taa ambayo ilikwisha kuvunjika. Fundi aliuchunguza mzunguko mpaka akahakikisha matundu yote mawili yanalisha sehemu moja. Alipachika waya wa boksi kwenye tundu la taa. Mke wake alikikazia kioo macho. Kisha fundi akachomoa ule wa ukutani. Nembo ilibaki mahali pake.

"Umeme ukikatika, usishone," alimwambia. "Sindano inakula sana. Iache iwake tu, tusubiri."

Tangu hapo walishona kwa zamu. Fundi alijifunza kubana fremu bila kukunja sweta, mama alikata nyuzi kwa mkasi mdogo, akizitukana zilizokuwa fupi. Alhamisi alasiri umeme ulikatika. Feni ilisimama, redio ya jirani ikasimama, na boksi chini ya meza likaanza kulia, mlio mfupi kila baada ya muda. Watatu hao waliketi na mikono mapajani, wakitazama taa ya kijani ya mashine, huku rundo la sweta lisiloshonwa likiwa mbele yao.

"Kinalia kama kifaranga kilichopotea," mama alisema. "Kinyonyesheni."

Mdarizi alicheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa sweta. Fundi hakuwa na hakika kama bado ni kicheko, na hakuuliza. Umeme ulirudi kabla ya magharibi.

* * *

Jumapili dada mkubwa alikuja bila taarifa. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba mashine imekufa. Umeme ulikuwa umekatika tena tangu asubuhi. Aliingia akavua miwani ya jua, akaitazama mashine yake: inawaka, haishoni, na kutoka nyuma yake waya umeshuka mpaka kwenye boksi linalolia, na kutoka kwenye boksi nyaya mbili zimeingia kwenye betri yenye matope.

"Mmeunganisha mashine yangu na pikipiki?"

"Dada, karibu kwanza, ukae," mdarizi alisema.

"Sikai. Mtu hashoni, mashine inawaka, kitu kinalia hapa kama kinataka kulipuka, na mnaniambia nikae? Shemeji, hii ni kazi yako." Akanyoosha mkono kwenye swichi.

Aliyemdaka ni mama. Hakuna aliyemwona akiinuka. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa mgeni kwa vidole vyake vyote, na mkasi mdogo wa nyuzi bado ulikuwa kwenye mkono wa pili.

"Mwanangu," alisema, "usiguse. Nitakuomba radhi baadaye. Sasa usiguse."

Dada mkubwa alitazama mkono wake, akatazama mkasi. "Mama, niachie."

"Toka kwenye swichi kwanza."

Alirudi nyuma hatua. Mama akamwachia, akaketi. Fundi alianza kueleza habari za ukungu na kichwa cha kusomea. Dada mkubwa alimkata.

"Sikukuuliza wewe. Nilimpa mdogo wangu mashine ya kazi, sikumpa mumewe kitu cha majaribio. Miaka yote unazoa vitu vya watu. Leo umezoa na vya kwangu."

"Ya tatu niliitia mimi," mdarizi alisema.

"Nini?"

"Zilikuwa tatu. Mbili alitia yeye. Ya tatu mama alitukataza, nikaitia mimi. Na ya shule aliniomba ainakili kwanza. Nikamkatalia. Nilisema hata asiipulize. Ndiyo maana mchoro umebaki humo peke yake."

Fundi aliinua kichwa kumtazama mke wake. Boksi likalia mara mbili. Dada mkubwa aliketi kwenye robota la sweta, akafungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu.

"Basi mmeiharibia wawili," alisema hatimaye. "Zimebaki ngapi?"

"Kama theluthi."

"Maliza kazi ya watu. Sitakuaibisha shuleni. Ukipeleka ya mwisho, kazi ya shule imekatika, nakuja kuchukua mashine yangu. Na usinililie. Ningekuwa na roho mbaya ningeichukua leo."

"Sikulilii."

"Najua." Alivaa miwani yake. Mlangoni alimgeukia mama. "Mama, una mkono mzito."

"Nimefua nguo za watu miaka mingi," mama alisema.

* * *

Ijumaa asubuhi sweta zilifika shuleni kwa mkokoteni ule ule. Bwana stoo alizigeuza moja moja ndani nje, akavuta nyuzi kwa kucha, akatafuta kosa. Alikuta nembo moja imepinda kidogo, akaitenga, kisha akaitia kwenye rundo pamoja na nyingine. Akalipa kilichobaki. "Muhula ujao kuna wanafunzi wapya," alisema. "Jiandae." Mdarizi alisema atajiandaa.

Alipofika nyumbani gari la dada mkubwa lilikuwa limeegeshwa nje, na vijana wawili wa kubeba wameegemea tela. Dirishani kwa mama mtu wa vyuma chakavu alikuwa akizozana na fundi. Alitaka nyaya na maboksi. Monita hakuzitaka.

"Nachukua hivi, vingine kaa navyo," alisema.

"Bure," fundi alimwambia. "Lakini vyote."

Mtu yule alisonya, akaanza kubeba monita ya kwanza. Mama alikuwa mlangoni akihakikisha boksi lake halimo kwenye hesabu.

Sebuleni dada mkubwa alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, mbali na swichi. Mdarizi alimsalimu. Alifungua kabati, akatoa kipande cha kitambaa cheupe, akakikata mraba, akakibana kwenye fremu.

"Na hiyo ya nani?" dada yake aliuliza.

"Yangu."

Sindano ilishona kitabu, ikashona mwenge, ikashona mstari wa maandishi. Dada mkubwa alisubiri bila kutazama saa. Mdarizi alikata uzi, akatoa kitambaa kwenye fremu, akakikunja mara mbili na kukiingiza kwenye kopo la biskuti, juu ya zile disketi.

Fundi alikuwa ameingia. Alichuchumaa chini ya meza, akashika waya.

"Nizime?"

"Ngoja," mke wake alisema. "Nitazima mwenyewe."

Akabonyeza swichi. Kioo kikawa cheusi.